Siku nne za kuzunguka Uskoti kwa gari: ushauri kwa wanaokuja

Kila mwaka ikifika mwezi wa nne, simu yangu huanza kujaa ramani. Ndugu, marafiki wa ndugu, na watu waliopewa namba yangu harusini wananitumia mipango yao ya kuja kuzunguka Uskoti kwa gari. Mipango yenyewe inafanana: watue Edinburgh, wakalale Inverness, wavuke kwenda kisiwa cha Skye, wapande hadi John o' Groats kule kaskazini, warudi na Loch Ness, yote ndani ya siku nne. Mimi naishi Glasgow na ndiye dereva wa wageni wa ukoo mzima, kwa hiyo jibu langu wameshalizoea: kata nusu, halafu angalia tena kama hakuna kingine cha kukata.

Kinachowadanganya ni umbali. Glasgow hadi Fort William, mji mdogo wa milimani, ni kama maili 108, yaani kilomita 174, pungufu kidogo ya Dar hadi Morogoro. Ukiendesha bila kusimama unatumia saa mbili na nusu hadi tatu. Sasa nani anakata tiketi ya kuja Uskoti ili apite bila kusimama? Huku barabara yenyewe ndiyo utalii. Hakuna geti la mbuga ambalo ukilifikia ndipo safari inaanza. Ziwa liko dirishani, mlima uko mbele ya kioo, na kila mkienda kidogo kuna mtu kiti cha nyuma anasema "simama hapo tupige picha". Hesabu saa, achana na maili. Saa nne za usukani kwa siku ndiyo mwisho, na zikiwa tatu ni bora zaidi.

Mzunguko ninaowapa wenye siku nne ni huu. Mnatoka Glasgow kwa barabara ya A82, mnapita Loch Lomond na Glencoe, mnafikia Fort William au kijiji chochote cha jirani na kulala hapo usiku zote tatu bila kuhama. Siku ya pili mnakwenda pwani ya magharibi hadi Mallaig na kurudi. Siku ya tatu ni ya Glencoe, kwa miguu. Siku ya nne mnarudi kwa njia nyingine, kupitia Laggan, Pitlochry na Stirling. Skye haimo, na hapo ndipo ugomvi huanza. Skye ni nzuri, sibishi, lakini kutoka Fort William hadi Portree, mji wa kisiwani humo, ni karibu saa tatu kwenda tu, na kisiwa chenyewe kinadai siku zake mbili tatu. Loch Ness nayo haimo na hilo halininyimi usingizi: ni ziwa refu na jembamba, na sehemu kubwa ya barabara unaona miti kuliko maji. Ile njia ya North Coast 500, maili 516 kuanzia Inverness na kurudi Inverness, imekuwa fasheni tangu ilipozinduliwa 2015. Mwachieni mwenye wiki nzima na zaidi.

Gari likodini mapema. Wengi wetu tumezoea otomatiki za Kijapani, lakini kampuni za kukodisha huku bado zina magari mengi ya gia za mkono, na otomatiki huwahi kuisha na bei yake iko juu. Ambaye hajakanyaga klachi miaka mingi asiende kuikumbushia kwenye mlima wenye mvua. Chukueni gari dogo kadiri masanduku yatakavyoruhusu. Sababu yake nitaieleza hapo chini. Leseni ya Tanzania au Kenya inamruhusu mgeni kuendesha gari dogo hadi miezi 12 tangu aingie nchini, ila kampuni nyingi zina masharti yao kuhusu umri na muda uliokaa na leseni. Kinachowakwamisha watu kaunta hasa ni kadi. Nyingi zinataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe ili zishikilie amana humo, na kadi ya shemeji haikubaliki hata kama shemeji amesimama pale pale. Someni na bima kwa utulivu: kiasi ambacho dereva anabeba mwenyewe gari likiumia mara nyingi huzidi paundi 1,000, na tairi na vioo huweza kuwa nje kabisa.

Mkianzia Edinburgh, msichukue gari siku ya kutua. Mji unatembeleka kwa miguu na maegesho yatawamaliza. Mkianzia uwanja wa ndege wa Glasgow, mnaingia barabara ya M8, mnavuka daraja la Erskine na mko tayari A82 bila kugusa katikati ya mji.

Kuendesha ni kushoto kama Tanzania, Kenya na Uganda. Wanaotoka Kongo, Rwanda, Burundi au Oman wajipe siku moja ya kuzoea, na kwenye kila kipilefti wakumbuke kumpisha anayetoka kulia. Mwendo unahesabiwa kwa maili: 60 kwenye barabara ya kawaida nje ya mji, 70 kwenye barabara pana zenye kigawanyo, 30 au 20 vijijini. Kwa wanaokunywa, tangu Desemba 2014 kiwango cha pombe kwa dereva Uskoti ni miligramu 50 kwa mililita 100 za damu, wakati England ni 80. Glasi iliyovumilika London huku inaweza kukupeleka mahakamani. Viwanda vingi vya wiski vinamfungia dereva onjo lake kwenye kichupa akanywe akifika anapolala.

Sasa nije kwenye barabara za gari moja, maana hizi ndizo zinazowatia watu hofu, na ni haki yao. Ukiacha barabara kuu unakuta lami yenye upana wa gari moja tu, magari yanakuja kutoka pande zote mbili, na kila baada ya mwendo mfupi lami inatanuka kidogo pembeni. Hapo kuna nguzo yenye kibao cheupe: ni mahali pa kupishana. Ukiona gari linakuja na kibao kiko kushoto kwako, ingia usubiri. Kikiwa kulia, usivuke kwenda upande ule. Simama ulipo, usawa wa kile kitanuko, mwenzako aingie yeye akuzunguke. Ukishapishana naye, inua kidole kimoja au viwili bila kuachia usukani. Naye atainua. Asiyeinua anajulikana mara moja kuwa ni mgeni. Na hapo pa kupishana pana kazi ya pili ambayo wageni hawaijui: ukiona kwenye kioo kuna gari nyuma yako, ingia umpishe. Huyo anawahi kazini au anapeleka mtoto shule, hana haja na picha zako. Kosa kubwa kuliko yote ni kuegesha hapo mkashuka kutazama kondoo. Mkisongamana, wa nyuma wanakosa pa kuingia na barabara nzima inasimama, na huenda mkalazimika kurudi kinyumenyume, kazi ngumu kwa gari kubwa. Ndiyo maana nikasema gari dogo.

Pa kujifunzia ni Glen Etive, inayochepuka kutoka A82 kabla tu ya kushuka Glencoe. Ni kama maili 12 za barabara nyembamba inayoishia ziwani, kwa hiyo mtarudi njia ile ile. Nendeni asubuhi kabla hapajajaa. Kulungu hukaa karibu na barabara maeneo hayo, na jioni huvuka bila taarifa.

Kabla ya huko, Loch Lomond. Ndilo ziwa kubwa kuliko yote kwenye kisiwa cha Britania kwa eneo, na nusu ya chini barabara yake ni pana na tulivu. Ikipita Tarbet inabanwa, mwamba upande mmoja na maji upande wa pili, na mabasi ya watalii yanakuja kwenye kona. Punguza mwendo, usione aibu. Kijiji cha Tyndrum jazeni mafuta na matumbo, kwa sababu baada ya hapo inakuja nyika ya Rannoch: majimaji, udongo mweusi, mawe, na mtandao wa simu unaopotea. Ramani pakueni kwenye simu mkiwa bado mna intaneti. Sheli za vijijini ni chache, bei yao ni kubwa, na baadhi hufungwa mapema, kwa hiyo msisubiri taa ya mafuta iwake.

Glencoe yenyewe ni bonde lenye milima mirefu pande zote mbili, na watu husimama kwenye maegesho ya Three Sisters, vilele vitatu vya pale, wanapiga picha, wanaondoka. Mkibaki siku nzima mtalijua vizuri zaidi. Pana kisa chake. Majira ya baridi ya mwaka 1692 wanajeshi wa serikali walifikia kwenye nyumba za ukoo wa MacDonald, wakalishwa na kulazwa karibu wiki mbili. Alfajiri ya tarehe 13 Februari wakawageukia wenyeji wao, wakaua watu 38, na wengine wakafia kwenye theluji wakikimbia. Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. MacDonald hawakumpa mtu jembe. Mpaka leo watu wa huko wanazungumzia zaidi kile chakula kilicholiwa kuliko idadi ya waliokufa, na mtu wa pwani anawaelewa bila kufafanuliwa.

Siku ya Mallaig ni ndefu kidogo lakini nyepesi. Glenfinnan kuna daraja la reli la zege lenye matao 21, lililofunguliwa 1901, na kipindi cha joto treni ya moshi hupita juu yake. Maegesho hujaa saa nzima kabla ya treni, basi wahini au lipuuzeni mpite. Mimi napenda zaidi ufukwe ulio mbele, Arisaig na Morar, ambako mnaacha barabara kuu na kufuata ile ya zamani ya B8008. Mchanga mweupe, maji ya kijani, utadhani uko Paje mpaka uingize mguu. Mallaig kuleni samaki. Ulizeni supu iitwayo Cullen skink, ya samaki wa kukaushwa kwa moshi, viazi, kitunguu na maziwa. Waislamu waulize kwanza, kwani wapishi wengine hutia nyama ya nguruwe. Nyama ya halali ni rahisi Glasgow lakini ni adimu milimani, kwa hiyo wageni wangu hununua kabisa mjini na tunapanga nyumba yenye jiko.

Msimu ninaoupenda ni Mei, halafu Septemba. Mwezi wa sita jua linazama karibu saa nne usiku, na saa kumi na nusu alfajiri limeshachomoza, jambo zuri kwa barabara na gumu kwa watoto. Wanaoswali wachukue ratiba ya msikiti wa Glasgow, maana isha inafika usiku wa manane. Desemba ni kinyume chake: kabla ya saa kumi jioni jua limeshazama. Kati ya mwezi wa sita na wa nane kuna usubi. Ni wadogo kiasi cha kupenya chandarua cha kawaida, hutoka asubuhi na jioni pasipo na upepo, na wanauma kwa makundi. Upepo ukivuma hata kidogo hawaonekani, kwa hiyo kaeni penye upepo. Miavuli acheni nyumbani, leteni koti la mvua lenye kofia.

Njia ya kurudi ni A86 kisha A9, na hiyo A9 ina kamera tangu 2014 zinazopima wastani wa mwendo kati ya kamera moja na nyingine. Kupunguza mwendo ukiiona kamera hakukusaidii. Mkifika Stirling mapema, sukumeni hadi Blantyre, kusini-mashariki ya Glasgow, alikozaliwa David Livingstone mwaka 1813, kwenye chumba kimoja cha nyumba ya wafanyakazi wa kiwanda cha pamba. Sasa ni makumbusho. Aliyewahi kusimama Bagamoyo, pale mwili wake ulipofikishwa Februari 1874 na msafara wa watumishi wake Chuma na Susi, anakiangalia kile chumba kwa jicho lingine kabisa.

Jazeni tangi kabla ya kurudisha gari na tunzeni risiti. Pigeni picha pande zote nne, rimu za magurudumu, na saa ya mafuta, mbele ya mhudumu kama yupo. Faini ya kamera huja baada ya wiki kadhaa kupitia kampuni ya gari, pamoja na ada yao ya usumbufu, kwa hiyo kadi mliyotumia iacheni na kitu ndani.