Maswali ya Wasomaji: Peni 63 za Oxford

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimesikia kwamba wenyeji wa Oxford, Uingereza, walikilipa chuo kikuu faini kila mwaka kwa mamia ya miaka. Ni kweli? Walikosa nini? Na siku hizi wanaelewana?

JIBU: Marahaba. Ni kweli, na chanzo chake ni mvinyo. Tarehe 10 Februari 1355 wanafunzi waliokuwa wakinywa katika kilabu cha Swindlestock, pale njia panda ya Carfax, walilalamika kuwa mvinyo ni mbaya. Mwenye kilabu akawajibu kwa ukali. Wakammwagia mvinyo huo na kumpiga. Wenyeji wakagonga kengele ya kanisa la Mtakatifu Martin (mnara wake bado umesimama), wanachuo nao wakagonga ya Mtakatifu Maria. Vurugu zilipokwisha, kwa hesabu iliyozoeleka, wanachuo 63 na wenyeji wapatao 30 walikuwa wamekufa.

Mfalme Edward III alisimama upande wa chuo. Kila mwaka, tarehe hiyohiyo, meya na wakazi 62 wakatakiwa kwenda kanisani kwa Mtakatifu Maria kuwaombea marehemu, kila mmoja na peni yake mkononi, yaani sarafu ndogo ya Uingereza, ya kukilipa chuo.

Peni hizo ndizo zinazosimuliwa sana. Mimi naona kilichowabana wenyeji hasa ni soko, kwa sababu mfalme alikipa chuo pia usimamizi wa mkate, bia, mizani na vipimo. Enzi hizo sheria ilifungamanisha uzito wa mkate na bei ya nafaka: ngano ikipanda, mkate wa peni moja unapungua uzito kwa kiwango kilichowekwa. Sasa mfikirie mwoka mikate wa Oxford. Mkate wake ukipelea, anayeupima na kumtoza faini ni ofisa wa chuo, na wanaoula ni wanachuo haohao. Muuza bia naye vivyo hivyo. Watu wameishi hivyo vizazi na vizazi, na historia zetu za vyuo huwataja kwa nadra mno.

Uhasama wenyewe ulikuwa wa zamani zaidi. Mwaka 1209 mwanamke mmoja aliuawa, mwanafunzi aliyeshukiwa akatoroka, na wenyeji wakawanyonga wenzake. Wasomi wengi wakahama, baadhi wakaenda Cambridge, na chuo cha huko kikaanzia hapo. Waliporudi mwaka 1214, adhabu iliwagusa wenye nyumba: kodi ya wanafunzi ilikatwa nusu kwa miaka 10. Kwa mji unaoishi kwa kupangisha, hilo ni pigo kubwa.

Peni zilikoma mwaka 1825, meya wa wakati huo alipokataa kwenda. Ama kuelewana, mwaka 1955, miaka 600 baada ya vurugu, chuo kilimtunuku meya shahada ya heshima, na mji ukampa mkuu wa chuo uenyeji wa heshima.