Mgeni wa Berlin: kisanduku cha barua kwanza, mjusi wa Tendaguru baadaye

Siku ya kwanza ya mwanafunzi mgeni Berlin, kabla hujafungua begi la nguo, shuka chini mlangoni ukatafute kisanduku chako cha barua. Kama jina lako halipo, liandike kwenye kipande cha karatasi, ukibandike kwa selotepu, na kwenye kengele ya mlango vilevile. Majengo mengi ya Berlin hayana namba za vyumba. Tarishi anafuata jina tu, asipoliona anairudisha barua ilikotoka. Na Ujerumani mambo mengi bado huja kwa barua: kadi ya benki kwenye bahasha moja, namba yake ya siri kwenye nyingine, kadi ya bima, namba ya kodi ambayo mwajiri ataidai. Tumia jina la ukoo lililo kwenye paspoti. Wengi wetu tuna majina matatu, na aliyezoea kuitwa kwa la kwanza hubandika hilo, kumbe barua zote zimeandikwa la babu.

Kinachofuata ni kujiandikisha makazi, Anmeldung, ndani ya wiki 2 tangu uhamie. Unakwenda na paspoti, fomu, na karatasi iitwayo Wohnungsgeberbestätigung iliyosainiwa na mwenye nyumba. Mkataba wa pango peke yake hautoshi, na hapa ndipo wengi hurudishwa. Mwenye chumba akikwambia anakupangisha ila karatasi hiyo hasaini, kiache hata kama ni cha bei ya kutupa. Miadi hupatikana mtandaoni, na unaweza kwenda Bürgeramt, ofisi ya huduma za wakazi, yoyote ya Berlin, si lazima ya mtaani kwako. Ukikuta siku zote zimejaa, rudi kuangalia asubuhi na mara kadhaa mchana, maana nafasi za wanaoghairi huachiwa muda wowote.

Fedha za akaunti maalumu ya viza, Sperrkonto, ni euro 992 kwa mwezi, lakini hazianzi kutoka mpaka uwe na akaunti ya kawaida kwa jina lako. Kwa hiyo uje na fedha ya mkononi ya kodi ya mwezi wa kwanza, dipoziti na chakula. Kwenye bima ya afya usikimbilie ya bei nafuu. Ile ya umma kwa bei ya wanafunzi inazidi euro 130 kwa mwezi na hukoma ukifikisha miaka 30. Lakini ukisaini kujitoa ili uchukue ya binafsi, huruhusiwi kurudi kwenye ile ya umma kwa muda wote wa masomo. Saini hiyo moja imewagharimu watu.

Chumbani adui ni mvuke. Ukipika maharage kwa muda wa saa 2 huku dirisha limefungwa na nje kuna baridi, maji hutulia kwenye ukuta wa nje, na baada ya wiki chache kuvu nyeusi inaota nyuma ya kabati. Dipoziti inaliwa hapo. Fungua dirisha lote, lisiegeshwe wazi kidogo upande wa juu tu, kwa dakika 5 hadi 10, mara 2 au 3 kwa siku, hita ikiwa imezimwa. Kuliegesha kutwa nzima hupoza ukuta unaozunguka dirisha bila kubadilisha hewa vya kutosha.

Jumapili maduka yamefungwa, isipokuwa machache ya kwenye stesheni kubwa kama Hauptbahnhof, hivyo Jumamosi nunua vya siku 2. Chupa za plastiki na makopo usitupe: kimoja kwa kawaida kina senti 25 zako. Ingiza kwenye mashine dukani, chukua karatasi inayotoka, uipeleke kaunta. Usivibonyeze, mashine isiposoma alama inakataa. Unga wa ugali utaupata kwenye maduka ya Waafrika kule mtaa wa Wedding. Ile polenta ya supamaketi ni chenga za njano, utasonga mpaka mkono uume.

Muhula wa baridi huanza rasmi tarehe 1 Oktoba, na tiketi ya usafiri ya mwanafunzi kwa kawaida huanza nao. Ukifika Septemba huna. Uwanja wa ndege wa BER uko ukanda wa nauli wa C, kwa hiyo nunua tiketi ya ABC na uigonge muhuri kwenye kijisanduku kabla ya kupanda. Wakaguzi wengine huvaa nguo za kawaida, faini ni euro 60, na neno “mgeni” halipunguzi hata senti. Tiketi ya mwanafunzi yenye eneo la nchi nzima inakubalika kwenye treni za mikoani na mjini, yaani RE, RB na S-Bahn, si zile za masafa marefu, ICE wala IC. Inakufikisha Potsdam kuona kasri la Sanssouci, au Rostock na kisha fukwe za Warnemünde, bila kuongeza kitu.

Kwenye kiingilio uliza “ermäßigt”, yaani bei ya punguzo, na uonyeshe kitambulisho cha chuo. Ukiambiwa makumbusho ni bure Jumapili ya kwanza ya mwezi, taarifa hiyo imepitwa. Mpango huo ulikoma mwishoni mwa 2024. Kuba la Reichstag, jengo la bunge, ndilo la bure, ila ujiandikishe mtandaoni mapema na uende na paspoti.

Ziara ya kuanza nayo ni ya treni moja tu ya chini ya ardhi, U6. Shuka Naturkundemuseum uone mifupa ya Giraffatitan, dinosaria mwenye kimo cha mita 13.27, iliyochimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, ikabebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandarini. Jumatatu wamefunga. Ukitoka, panda U6 hiyohiyo kuelekea kaskazini mpaka Afrikanische Straße, utembee kidogo. Mtaa uliopewa jina la Carl Peters mwaka 1939, yule mkoloni wa Kijerumani aliyeitwa Mkono wa Damu, tangu Agosti 2024 sehemu yake inaitwa Maji-Maji-Allee. Ni mtaa wa makazi, hakuna kiingilio wala foleni, na kibao kiko juu ya nguzo: kwa picha simama mbali kidogo.