Kabla ya Kuomba Vitanda 500: Majibu kwa Barua Zenu

SWALI: Mheshimiwa Mshauri, salamu nyingi. Mimi ni sajini mstaafu, mkazi wa Bombo hapa Uganda. Niliingia msituni kupigana mwaka 1984 nikiwa na miaka 20, na mwaka 1993 nilikuwa miongoni mwa waliopunguzwa jeshini. Chama chetu cha kuweka na kukopa kimeazimia kuiandikia serikali barua ya kuomba makao ya kuwatunza wanajeshi wastaafu wasiojiweza, yenye vitanda 500. Idadi hiyo aliitaja mjumbe mmoja mkutanoni, wengine wakapiga makofi, katibu akaiandika. Sasa mpwa wangu, anayehudumia wazee katika makao ya namna hiyo huko Marekani, amenipigia simu akaniuliza: "Mjomba, hizo 500 mmezipataje?" Sikuwa na jibu. Wenzetu hukadiriaje, na sisi tuanzie wapi?
Sajini mstaafu, Bombo

JIBU: Afande Sajini, nawashauri muifute hiyo 500 kabla barua haijatoka mikononi mwa katibu. Sisemi ni nyingi wala chache. Ninachosema ni kwamba afisa wa kwanza atakayeisoma atauliza swali lile lile la mpwa wako, na barua itaishia kwenye meza yake.

Makao anayofanyia kazi mpwa wako, ikiwa ni ya jimbo, ni mali ya jimbo na huendeshwa na jimbo. Serikali kuu ya Marekani huchangia kwa njia mbili: ruzuku ya kila siku kwa kila mkazi anayestahili, na ruzuku ya ujenzi isiyozidi asilimia 65 ya gharama, ilhali asilimia 35 hutafutwa na jimbo lenyewe. Mchango huo ni wa zamani, kwani ulianza mwaka 1888 kwa dola 100 kwa mwaka kwa kila askari aliyetunzwa. Kwa kuwa fedha zinatoka mifuko miwili, kila mwenye mfuko ana sababu ya kuhesabu. Ndiyo maana sheria ya mwaka 1999 iliweka utaratibu wa ukomo wa vitanda vinavyoweza kufadhiliwa katika kila jimbo, na ukomo huo ukafungwa na makadirio ya mahitaji ya miaka 10 mbele, ya wanajeshi wastaafu ambao wakati huo watakuwa wamefikisha miaka 65 au zaidi. Kwa hiyo hawajengi kwa kuwatazama wazee waliopo leo, kwa sababu jengo huchukua miaka kukamilika na wazee hawalisubiri.

Hesabu hiyo ya mbele kwetu haihitaji mganga wa kupiga ramli. Kati ya mwaka 1992 na 1995 Uganda ilipunguza askari wapatao 36,000, na wengi wao walikuwa vijana. Wewe mwenyewe utatimiza miaka 80 mwaka 2044. Wale tuliowaita kadogo, walioshika bunduki wakiwa watoto, watafika umri huo baada ya mwaka 2050. Mkijenga kwa kuwahesabu wanaotembelea fimbo leo, mtakuwa mmejenga chumba cha mbele tu cha nyumba mnayoihitaji.

Hata hivyo, mstaafu mzee na kitanda cha makao ni vitu viwili tofauti. Walio wengi watazeekea nyumbani kwao, na ndivyo wanavyotaka. Makao ya majimbo ya Marekani hutofautisha ngazi tatu: uuguzi wa saa 24 kwa asiyeweza kujihudumia, malazi ya kawaida kwa anayejiweza lakini hana pa kuishi au anahitaji kuangaliwa, na huduma ya mchana kwa anayerudi nyumbani jioni. Ngazi hiyo ya tatu haihitaji kitanda hata kimoja, na mara nyingi ndiyo inayomwokoa mke au binti aliyechoka.

Kwa wanaohitaji kitanda, kanuni ni nyepesi, na inashangaza jinsi inavyosahauliwa: zidisha idadi ya wanaoingia kwa mwaka kwa miaka ambayo kila mmoja hukaa kwa wastani. Tuchukue mfano wa kubuni. Wakiingia wazee 40 kwa mwaka na kila mmoja akakaa miaka miwili na nusu, wakati wowote utawakuta wazee 100 ndani. Na kwa kuwa vitanda vyote havijai kwa pamoja (mmoja amepelekwa hospitali, chumba kingine kinapigwa rangi), ukikadiria kwamba asilimia 90 ndivyo vitakavyokuwa na watu, unahitaji vitanda 111 au 112. Sasa tuseme matunzo yameboreka na wazee wanakaa miaka minne badala ya miwili na nusu. Wanaoingia mlangoni ni wale wale 40, lakini ndani mna wazee 160, na vitanda vinavyohitajika vinakaribia 180. Kwa hiyo katika barua yenu, muda wa kukaa ni wa kujadiliwa kwa bidii kuliko idadi ya wastaafu wote.

Kitanda chenyewe ni mbao au chuma. Nafasi ya kumtunza mtu hupatikana pale tu anapokuwepo wa kumgeuza. Niliwahi kutembelea wodi moja ya wazee ambayo sitaitaja. Chumba cha kwanza kilikuwa na vitanda 16 vilivyotandikwa mablanketi ya kijivu, na magodoro yalikuwa bado na nailoni zake za dukani, lakini mlango ulikuwa na kufuli. Chumba cha pili kilikuwa na wazee tisa na binti mmoja wa zamu. Mzee mmoja aliyepooza upande wa kushoto alipaswa kugeuzwa kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia upande mmoja, na kila ilipofika saa yake, binti yule alitoka hadi getini kumwita mlinzi wamwinue pamoja.

Wiki ina saa 168. Mtu anayefanya kazi saa 40 kwa wiki, ukimhesabia na likizo na siku za kuugua, maana yake ni kwamba ili mhudumu mmoja awepo chumbani usiku na mchana unaajiri watano. Chumba cha wazee 20 chenye wahudumu wawili kila saa kinahitaji waajiriwa 10. Vitanda vyenu 500 ni vyumba 25, yaani wahudumu 250, kabla hujaajiri muuguzi, mpishi wala dobi. Marekani nao wamelipia somo hili: mwaka 2020, katika makao ya wanajeshi wastaafu ya Holyoke, jimbo la Massachusetts, wodi mbili za wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu ziliunganishwa kwa upungufu wa wafanyakazi wakati UVIKO-19 ukiwa umeshaingia, na wastaafu wasiopungua 76 walipoteza maisha.

Suala la umbali mmeliacha kabisa. Kanuni za Marekani huruhusu jimbo kuomba vitanda zaidi ya ukomo wake iwapo mahali wanapoishi wastaafu wengi pako umbali wa safari ya saa mbili au zaidi kutoka makao yaliyopo. Hapa kwetu jeshi lina kituo Mubende cha kuwatunza askari walioumia vitani, lakini mtu wa Kitgum, kule kaskazini, atakayetaka kumtembelea babu yake huko atasafiri siku nzima. Mzee asiyetembelewa huzeeka haraka. Afadhali muombe makao madogo mawili au matatu kuliko kasri moja karibu na Kampala.

Basi anzeni na daftari. Kwa kila mwanachama andikeni mwaka wa kuzaliwa, wilaya, jeraha la vita kama analo, kama anaoga, anakula na anakwenda msalani bila msaada, na nani yupo nyumbani wa kumsaidia. Rudieni zoezi hilo kila mwaka. Baada ya madaftari mawili au matatu mtaanza kuona ni wangapi huvuka kutoka kujiweza hadi kutojiweza kila mwaka, na hiyo ndiyo namba ya kuipelekea Wizara ya Ulinzi na Masuala ya Wanajeshi Wastaafu.

SWALI: Mume wangu ni mwanajeshi mstaafu na amepoteza nguvu za miguu. Nina miaka 71 na mgongo wangu hauwezi tena kumbeba. Makao kama hayo yakijengwa, mimi nitabaki wapi?
Mama, Luweero

JIBU: Pole sana, mama. Katika makao ya Marekani yaliyojengwa kwa ruzuku niliyoitaja hapo juu, angalau asilimia 75 ya wakazi lazima wawe wanajeshi wastaafu, na nafasi zinazobaki zinaweza kupewa wake au waume zao, pamoja na wazazi waliofiwa na watoto wao jeshini. Kwa hiyo nafasi yako haiwezi kuongezwa baadaye kwa huruma ya msimamizi, inabidi ihesabiwe tangu mwanzo. Ruzuku ya wazee ya shilingi 25,000 kwa mwezi haitakufikia hadi utimize miaka 80, nayo haimlipi mtu wa kumwinua mzee. Kwa sababu hiyo namwomba Afande Sajini aongeze safu moja katika daftari lake, na mbele ya jina la kila mwanachama aandike umri wa mkewe na kama bado anaweza kumwinua.