Pilau niliipasha mpaka ikafuka moshi, mbona wateja wametapika?

SWALI: Shikamoo chef. Nina mgahawa mdogo Tabata, pilau ya mchana ikibaki naiacha kwenye sufuria ipoe yenyewe, saa 3 usiku tukifunga naiingiza kwenye friji hivyo hivyo na sufuria yake. Kesho yake napasha vizuri kabisa. Juzi wateja wawili wamekula, saa mbili hazijapita wakaanza kutapika, mmoja kanitumia voisi noti ya matusi. Kosa langu liko wapi? Na nikipika kidogo ikaisha mapema si watahamia kwa jirani?

JIBU: Marahaba dada, pole sana. Kosa haliko kwenye kupasha, liko usiku wa kuamkia hapo.

Mchele mkavu mara nyingi unakuja na kibakteria kinaitwa Bacillus cereus, kwenye hali ya spora, yaani kama kambegu kenye ganda gumu. Ukichemsha wali spora haifi. Wali ukianza kupoa, ukafika lile joto la vuguvugu, zinaamka zinazaliana na kuacha sumu humo humo kwenye punje, na hiyo sumu inavumilia hata nyuzi 121 kwa dakika 90, wakati maji yako yanachemka kwenye 100 tu. Sasa wewe hata upashe mpaka ukoko uungue, bakteria umeua ila sumu iko palepale, tena chakula hakinuki wala hakichachi ukajua. Mtu akila anatapika ndani ya nusu saa mpaka saa 6 hivi. Sijapima pilau yako kwahiyo siwezi kuapa, lakini watu wawili, sahani moja ya aina ile, muda ule, mimi naangalia wali kwanza.

Hilo la friji na mimi lilishanikuta nikiwa kijana kwenye jiko moja la hoteli, niliingiza sufuria kubwa ya wali usiku nikaondoka najiona nimefanya kazi. Asubuhi juu baridi, pembeni baridi, nikazamisha mwiko katikati nikagusa, vuguvugu kama paji la mtoto mwenye homa! Wote ukaenda kwenye ndoo ya takataka na bosi akanikata hela. Friji inapoza kuanzia nje, katikati ya sufuria joto halina pa kutokea.

Chakula usikiache kati ya nyuzi 5 na 60. Kwahiyo pilau inayouzwa ikae juu ya 60, na hotpoti haipashi ile, inachelewesha tu kupoa, ukiifungua fungua kila dakika mbili imekwisha. Inayobaki usisubiri kufunga, itandaze kwenye masinia mapana, unene wa vidole viwili, washa feni, funika na chandarua cha nzi, ndani ya saa mbili ishuke chini ya 21 halafu friji. Kesho pasha mara moja tu mpaka katikati ivuke 75, ikibaki tena mwaga. Kipima joto cha kuchoma kwenye chakula ni bei ndogo kuliko kilo chache za nyama, nunua. Ile iliyokaa mezani toka saa 6 mchana mpaka saa 3 usiku wala usiitandaze, hiyo ni ya kumwaga, inauma najua.

Kuhusu kuisha, hapo unajitesa bure. Mteja wa pilau anachotaka ni ya moto na nyama ionekane, hakuna anayekuja kwako saa 2 usiku kwa sababu ya pilau ya saa 5 asubuhi. Gawa mapishi, kama ni kilo 6 piga 4 za mchana na 2 za jioni, vitunguu na viungo viwe tayari, kwenye gesi ni kama dakika 40. Andika kwenye ubao nje "pilau mpya saa 12 jioni" uone watu wanavyopanga muda wao wenyewe.

Yule wa voisi noti mpigie, usimwandikie. Usibishane naye eti wengine mbona hawajaumwa, muulize anaendeleaje, na kama anaharisha damu, ana homa au maji hayakai tumboni aende hospitali leo leo, nauli mtumie wewe. Na kachumbari ya jana dada, hiyo naomba usije ukaniuliza.