Jibu kwa ndugu aliyehamia kijijini Shropshire: habari za kijiji zinapita wapi

Ndugu yangu, swali lako nimelisoma mara mbili. Umesema umetoka mji wa Leicester ukahamia kijiji kimoja cha jimbo la Shropshire, hukuhuku Uingereza, kwa ajili ya kazi kwenye nyumba ya wazee, unakaribia kumaliza miezi mitatu pale, na humjui mtu zaidi ya wafanyakazi wenzako. Unauliza kama watu wa pale wanakubagua au ndivyo walivyo, na habari zao zinapita wapi, maana "hata mtu akifa sitajua". Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyonifanya nikae niandike. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nina miaka minane katika kijiji chenye nyumba zisizofika mia mbili, Shropshire hiyohiyo upande wa kusini, na mwanzo wangu ulikuwa huohuo. Mtu alikufa, sikujua.

Ilikuwa baridi yangu ya kwanza huku. Nyumba ya pili kutoka kwangu aliishi bibi mmoja mjane. Asubuhi nikienda kazini tulikuwa tunapungiana mikono, yeye dirishani, mimi njiani. Zikapita siku simwoni na mapazia yamefungwa, nikasema labda kaenda kwa mwanawe. Siku moja nasubiri basi, nikatupa jicho kwenye ubao wa matangazo ulio pale kituoni: karatasi nyeupe, jina lake, tarehe ya mazishi. Alikuwa amefariki siku tisa nyuma. Nililia palepale kituoni. Kwetu msiba hauna haja ya karatasi, unasikia kilio, unaona turubai linafungwa, unachukua kanga yako unakwenda. Hapa siku tisa nzima nimepita mlangoni kwa marehemu asubuhi na jioni, sijasema hata pole.

Mazishi yalikuja karibu wiki tatu baada ya kifo, na hilo ni jambo la kawaida kwao. Nikaomba ruhusa kazini nikaenda. Mimi Muislamu, nikakaa benchi la nyuma kabisa la kanisa, nikasikiliza, nikamwombea kimoyomoyo. Baada ya hapo watu wakahamia ukumbi wa kijiji kwa chai, sandwichi na keki. Nikasimama ukutani na kikombe changu, sina wa kuzungumza naye. Nikaona jikoni wamo akina mama wawili, wote wamepita sabini, na vyombo vinazidi kurundikana. Nikakunja mikono ya gauni, nikachukua kitambaa, nikaanza kufuta vikombe, kama ambavyo ungeingia uani kwenye msiba wowote kule nyumbani bila kungoja kuitwa. Hakuna aliyeshangaa. Mmoja akaniuliza nakaa nyumba ipi, wa pili akaniambia marehemu alikuwa akinitaja, "yule binti anayenipungia mkono". Mpaka vikombe vinakwisha nilishajua nani ana mtoto Australia, nani hasemezani na nani kwa sababu ya uzio wa mpakani, na nimeshaandikwa zamu ya chai ya Jumatano.

Kwa hiyo hapo ulipouliza wanakubagua au ndivyo walivyo, mimi nakujibu kwa niliyoyaishi: wengi wao ndivyo walivyo. Mtu wa kijiji cha Uingereza anaona kukuacha na mambo yako ndiyo heshima. Kukugongea mlango bila sababu anaona ni kukuingilia. Lakini mkishika kazi pamoja, sababu ya kuzungumza imepatikana, na hapo ulimi unafunguka. Ubaguzi upo pia, sitakuficha. Bwana mmoja aliwahi kunirushia neno dukani ambalo sitaliandika hapa. Aliyemjibu alikuwa mmoja wa wale akina mama wa jikoni, tena kwa sauti ambayo sikudhani anayo.

Sasa habari. Anza na ule ubao. Najua unaupita ukidhani ni wa wazee wasiotumia simu. Usiupite. Baraza la kijiji, ambalo utaliona limeandikwa "Parish Council", linalazimika kisheria kutangaza mkutano na ajenda yake siku tatu kamili kabla, na ubao ndio mahali pake. Mabaraza haya yaliundwa kwa sheria ya mwaka 1894, na leo England ina takriban 10,000 ya vijiji na miji midogo. Ukitaka kulielewa haraka, fikiria halmashauri ya kijiji ya kwetu, ila hapa kuna madiwani wanaojitolea, na karani anayelipwa. Fedha zake ni sehemu ndogo ya kodi ya halmashauri unayolipa ("Council Tax", si pango la mwenye nyumba), kwa hiyo usijione mgeni pale, umechangia. Linashughulika na uwanja wa watoto, makaburi, mabenchi, njia za miguu, taa za barabarani mahali pengine. Mtu akitaka kujenga, linaulizwa maoni, ila uamuzi unakaa ngazi ya juu.

Mikutano iko wazi kwa umma, na kwa kawaida mna dakika chache za wakazi kusema. Mwaka wangu wa tatu kulikuwa na habari kwamba basi letu la asubuhi linaondolewa. Nikaenda, miguu inatetemeka, watu tisa ukumbini. Nikawaambia zamu yangu inaanza saa moja asubuhi, na wapo wengine watatu hapa kijijini kama mimi, na wazee tunaowahudumia ni wazazi wa watu waliokaa humu ndani. Karani akaandika. Baraza halina mamlaka juu ya mabasi, likaandika barua tu, na basi likaondolewa. Ila wiki hiyohiyo bwana mmoja aliyekuwa amekaa nyuma yangu alinisimamisha njiani akaniambia anaamka saa kumi na moja kila siku kwa ajili ya kondoo, na anapita barabara ile. Alinipeleka kazini miezi saba, mpaka nikapata leseni. Petroli alikataa katakata, nikawa nampelekea mahamri, hayo hakuyakataa.

Na jambo ambalo wengi wetu hatulijui: huhitaji uraia wa Uingereza ili kupiga kura. Mtu wa nchi ya Jumuiya ya Madola, mwenye kibali halali cha kuishi na umri wa miaka 18, anaweza kujiandikisha na kupiga kura. Watanzania, Wakenya na Waganda wamo, na Wanyarwanda pia tangu nchi yao ilipojiunga 2009. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi hawamo, kwa kuwa nchi zao si wanachama. Tangu 2023 lazima uende kituoni na kitambulisho chenye picha, na pasi yako ya kusafiria ya Tanzania inakubalika. Jiandikishe wiki hii. Mwenye ukaazi wa kudumu anaweza hata kugombea udiwani, na mara nyingi viti hubaki wazi kwa kukosa watu, baraza likajaza lenyewe.

Kitu cha pili ni jarida la parokia. Kwetu linatoka kila mwezi, karatasi chache zilizobanwa kwa pini: ibada, fundi bomba, mbwa aliyepotea, siku ya gari la maktaba, shukrani za familia iliyofiwa. Linasambazwa kwa miguu na wanakijiji wenyewe. Kama hulipati, uliza dukani, pengine nyumba yako ilisahauliwa tangu mpangaji aliyepita. Sasa njia yetu naisambazia mimi, nyumba kumi na nne. Ile ya marehemu bibi ilipopata watu wapya, mume na mke wenye mtoto mchanga, sikutumbukiza jarida nikaondoka. Niligonga.

Duka nalo lina habari, likiwa la kijiji chenyewe ndiyo zaidi. Letu linaendeshwa na watu wanaojitolea, na saa mbili zako za Jumamosi nyuma ya kaunta zitakufundisha Kiingereza cha Shropshire kuliko darasa lolote. Baa mimi siingii kunywa, ila jioni za maswali na majibu huenda na kuagiza juisi, hakuna anayenitazama vibaya. Na uulize kile kibanda chekundu cha simu kina nini ndani. Vijiji vingi vimevichukua kutoka kampuni ya simu kwa pauni moja, na chetu kina mashine ya kushtua moyo uliosimama ili upige tena. Wewe mtu wa huduma ya wazee unatakiwa uijue ilipo. Ukipiga 999, namba ya dharura, wanakupa namba ya kufungulia kabati.

Kama unapenda kulima, uliza vishamba vya kukodi. Kipande kizima ni kama mita za mraba 250, wengi huchukua nusu, na kodi ya mwaka si ya kuumiza. Kama kijiji chenu hakina, sheria ya 1908 inasema wakazi sita waliojiandikisha kupiga kura wakiandika kuomba, baraza lazima lilifikirie ombi hilo. Mimi nilianza na mchicha, ukaota vizuri Juni na Julai. Bamia zilinishinda kabisa kwa baridi. Majirani wa vishambani ni watu wa maneno machache, lakini ukikuta vitunguu vitatu vimewekwa mlangoni pa kibanda chako ujue umeshasalimiwa.

Halafu Novemba. Jumapili ya pili ya mwezi huo kijiji kinakusanyika kwenye mnara wa waliokufa vitani, saa tano kamili asubuhi wananyamaza dakika mbili. Nenda hata kama si dini yako wala vita si vyako. Ingawa vyetu ni vyetu pia. Mimi nikisimama pale naikumbuka Tanga ya Novemba 1914, Waingereza na Wahindi walioshuka kwa meli wakapigwa, na makaburi yao ambayo mpaka leo yako mjini kwetu. Nawakumbuka na wapagazi wa Kiafrika waliokufa kwa maelfu bila majina yao kuchongwa popote. Mwaka juzi nilimsimulia haya mzee anayesoma orodha ya majina. Alinisikiliza bila kunikatiza, na mwaka jana kabla ya kunyamaza alisema neno moja kwa ajili ya wapagazi wa Afrika Mashariki. Nilishindwa kujizuia.

Ndugu yangu, kesho ukienda kazini piga picha ubao wenu wote, karatasi kwa karatasi, uiweke hapa. Tutausoma pamoja nikuonyeshe pa kuanzia, na kama kuna chai ya wiki yoyote ukumbini nitakwambia saa ya kufika: nusu saa kabla, wakati wanapanga viti.