Kabla Hamjapanga Mipira: Sheria za Ligi ya Pool ya Mtaani

Msimu wa kwanza wa ligi yetu ya pool, hapa Temeke, ulivunjika katika wiki ya nne kwa sababu ya shuti moja. Mchezaji wa timu ngeni alifungua meza, mipira ikatawanyika, na namba 8, ule mpira mweusi, ikajiviringisha taratibu hadi kwenye shimo la kona ikatumbukia. Wenzake wakainua fimbo juu wakishangilia, kwa kuwa kwenye baa yao anayeingiza nyeusi kwa shuti la kufungua amekwisha kushinda. Sisi wenyeji nasi tukaanza kushangilia, kwa kuwa kwetu shuti hilo hilo ni kupoteza. Nilikuwa nahodha siku hiyo, na nilikuwa na hakika kabisa kwamba sheria iko upande wangu, ila nilipotakiwa kuionyesha sikuwa na karatasi yoyote mfukoni. Ligi iliyoanza na timu sita ikabaki na timu nne.

Baadaye nilichaguliwa kuwa katibu wa ligi hiyo, kazi ambayo kwa kweli hakuna mwingine aliyeitaka, na nimeishikilia kwa misimu mitatu. Kwa yeyote anayefikiria kuanzisha ligi ya mtaani, au kuingiza timu ya baa yake kwenye ligi iliyopo, ushauri wangu wa kwanza ni kwamba sheria ziandikwe, zisomwe mbele ya manahodha wote na zisainiwe kabla ya sarafu ya kwanza kuingia mezani. Kila mchezaji atawaambia kwamba sheria anazijua, naye hatakuwa anadanganya, kwani anazijua sheria za baa yake. Tatizo huanza anapovuka barabara.

Msikimbilie kunakili sheria za kimataifa neno kwa neno kabla hamjaitazama meza mtakayochezea. Sheria za WPA, chama cha dunia cha mchezo huu, zinasema kwamba nyeusi ikiingia kwa shuti halali la kufungua, mfunguaji hashindi wala hapotezi, bali huchagua ama nyeusi irudishwe mezani mchezo uendelee, ama mipira ipangwe upya afungue tena. Ni sheria nzuri, lakini imeandikwa kwa ajili ya meza ambayo mtu anaweza kuingiza mkono shimoni na kuutoa mpira. Meza zetu nyingi ni za sarafu: mpira ukishaingia unateremka tumboni mwa meza na kufungiwa humo hadi sarafu nyingine itumbukizwe, na ni nyeupe, mpira unaopigwa kwa fimbo, peke yake inayorudi, kwa kuwa ina ukubwa, uzito au chuma cha ndani kinachoifanya ifuate njia yake. Kwa hiyo sisi tuliandika kwamba nyeusi ikiingia kwa shuti la kufungua, mipira hupangwa upya na mchezaji yule yule hufungua tena. Tulidhani tumemaliza, kumbe tulikuwa tumesahau kutaja nani atalipia sarafu ya pili, na wiki mbili hazikupita tukaitwa kusuluhisha ugomvi wa sarafu. Sasa imeandikwa kwamba timu zote mbili huchangia nusu kwa nusu.

Shuti la kufungua lenyewe nalo linahitaji kipimo, la sivyo mjanja ataigusa mipira kwa upole na kumwachia mwenzake rundo lisilopigika. Tumechukua kipimo cha WPA kama kilivyo, kwamba ama mpira mmoja uingie shimoni, ama mipira isiyopungua minne iguse kingo za meza. Ukifungua na kuingiza mpira ulio katika namba 1 hadi 7, hujawa bado mwenye mipira midogo. Meza inabaki wazi, yaani hakuna mwenye kundi lake la mipira, mpaka mtu aingize mpira kwa shuti halali linalofuata. Hili ndilo wageni wa ligi hulisahau kuliko yote, kwa sababu kwenye baa nyingi kilichoingia kwanza ndicho chako.

Kuhusu faulo, nitakaa kidogo, maana hapa ndipo ligi hufa. Tulianza na adhabu ya shuti mbili, iliyozoeleka mitaani, ambapo nyeupe hubaki ilipo na mpinzani hupewa nafasi mbili za kupiga. Ilituchukua msimu mzima kugundua kwamba wazee wa meza waliigeuza adhabu hiyo kuwa silaha. Mchezaji aliyebanwa alikuwa akifanya faulo makusudi, akiisukuma nyeupe taratibu hadi nyuma ya mipira yake mitatu minne, na mpinzani akatumia shuti ya kwanza kujinasua tu, bila kufaidi chochote. Msimu uliofuata tukapiga kura na kuhamia kwenye mpira mkononi: ukifanya faulo, mpinzani huishika nyeupe na kuiweka popote anapotaka juu ya meza. Wachanga walilalamika kwamba tunawapendelea mafundi, lakini faulo za makusudi ziliisha karibu mara moja, kwani hakuna anayependa kumkabidhi fundi meza kwa mkono wake mwenyewe.

Orodha ya faulo iandikwe kwa maneno ambayo hayana mlango wa nyuma. Nyeupe kuanza kugusa mpira wa mpinzani ni faulo, kukosa mipira yote ni faulo, nyeupe kuingia shimoni ni faulo, mpira kuruka nje ya meza ni faulo, na kupiga bila mguu hata mmoja kuwa sakafuni ni faulo pia. Ongezeni na ile ambayo watazamaji wengi hawaijui, kwamba baada ya nyeupe kugusa mpira halali, lazima mpira wowote uingie shimoni au mpira wowote, ikiwemo nyeupe yenyewe, uguse kingo. Kisha andikeni kuhusu mavazi. Msimu uliopita kijana mmoja alikuja moja kwa moja kutoka kazini, kitambulisho kikining'inia shingoni kwa kamba. Alipoinama kupiga shuti ndefu, kitambulisho kikaifagia namba 11 kiasi cha upana wa kidole, naye akaapa kwamba hakuigusa, na kwa kweli mwili wake haukuigusa. Mwamuzi alitoa faulo. Kamba za vitambulisho, mikufu mirefu na mikono ya mashati isiyofungwa vifungo sasa vinashughulikiwa kabla ya mchezo.

Nyeusi nayo ina utaratibu wake. Anayeipigia lazima ataje shimo, na kwa kuwa kelele za muziki hufanya kutaja kwa mdomo kuwa bure, sisi tunatumia kizibo cha soda: mchezaji anakiweka juu ya ukingo, kando ya shimo alilochagua, na wote wanakiona. Nyeusi ikiingia shimo jingine, ikiingia kabla hujamaliza mipira yako, ikiingia pamoja na nyeupe au ikiruka nje ya meza, umepoteza. Lakini nyeupe ikiingia peke yake huku nyeusi ikibaki mezani, hiyo ni faulo ya kawaida na mchezo unaendelea, hata kama baa yenu imeamini vinginevyo tangu ilipofunguliwa.

Mwamuzi atoke timu ya tatu ambayo haichezi siku hiyo, na asinywe pombe mpaka amalize kazi. Wachezaji wanaweza kunywa wanavyotaka, ni juu yao na mikono yao. Anayeruhusiwa kuzungumza na mwamuzi ni nahodha peke yake. Ushauri wa wachezaji wenzako wakati umeinama mezani tumeupiga marufuku, ingawa nakiri kwamba kuzuia baa nzima isiseme neno ni kazi isiyowezekana. Tunachokizuia ni mtu wa timu yako kukaribia meza na kukuonyesha kwa kidole. Kamari juu ya michezo ya ligi hairuhusiwi, na hapo hatujadili.

Ratiba yetu huanza saa 12 jioni, siku za kazi na wikendi. Wengine walitaka Jumamosi asubuhi, lakini sisi tunakumbuka mwaka 2016, Rais Magufuli alipowakemea hadharani vijana wanaocheza pool asubuhi, na jinsi meza zilivyogeuka kuwa kitu cha kutazamwa kwa mashaka. Mchezo wa jioni hauhitaji kujitetea kwa mtu. Timu ikichelewa dakika 30 inapoteza mchezo mmoja, ikichelewa saa nzima inapoteza yote, na hapo mpinzani hupata ushindi wa mezani, maneno ambayo kwetu huwachekesha watu kila mara kwa kuwa ushindi wetu wote ni wa mezani.

Jambo ambalo bado hatujalipatia dawa kamili ni wachezaji wa kukodi. Baa yenye fedha inaweza kumleta fundi wa mashindano makubwa usiku wa mechi moja, akamaliza kazi na kuondoka. Tumeweka sharti kwamba mchezaji asajiliwe kabla ya msimu na asibadilishe timu katikati. Ligi za ridhaa za APA kule Marekani hutumia njia nyingine: kila mchezaji wa mchezo huu wa namba 8 hupewa kiwango kati ya 2 na 7, na jumla ya viwango vya wachezaji watano wanaocheza usiku huo isizidi 23, hivyo ukiwapanga mafundi wawili lazima uwapange na wanafunzi. Nimeipendekeza mara mbili kikaoni na mara mbili nimeshindwa, kwa sababu hakuna nahodha aliyekubali mchezaji wake aitwe 2.

La mwisho ni umeme. Andikeni mapema kitakachofanyika ukikatika, kwa sababu utakatika. Kwetu mwamuzi hupiga picha ya meza kwa simu akiwa upande wa kufungulia, kisha hupiga nyingine akiwa upande wa pili, na manahodha wote wawili husimama kando ya meza hadi taa ziwake au hadi dakika 45 ziishe. Zikiisha, mchezo huo hufutwa na kurudiwa siku nyingine kwa sarafu ya ligi. Mwezi uliopita nilisimama hivyo kwa dakika 38, mimi na nahodha mwenzangu, kila mmoja akimulika mipira kwa tochi ya simu yake na kuichunga mikono ya mwingine, huku nyeusi ikiwa imekaa mdomoni mwa shimo la katikati na kizibo cha soda kikiwa pembeni yake.