Kisima cha jirani na kibali cha kujenga Mombasa

Mzee mmoja wa Kisauni alinijia ofisini na bahasha ya kaki iliyolowa jasho la mkono, akaiweka mezani. "Mwanangu," akaniambia, "imerudi tena." Mara ya tatu hiyo kurudishwa na kaunti. Ndani mlikuwa na ramani nilizochora mwenyewe, nyumba ya kupangisha ya ghorofa mbili, na pembeni mwa karatasi ya kwanza maandishi ya wino mwekundu: onyesha kisima cha jirani.

Kisima gani? Nilipokwenda kupima niliona ukuta, nikapima ukuta, nikaondoka zangu. Jioni ile nikarudi Kisauni nikapiga hodi upande wa pili. Bi mkubwa aliyenifungulia akanipeleka nyuma ya jiko lake. Kisima hicho hapo, kimefunikwa kwa kifuniko cha pipa na jiwe juu yake, hatua nne kutoka ukutani. Na upande wetu wa ukuta ule ule ndiko nilikochora shimo la choo.

Sehemu kubwa ya Mombasa haina mabomba ya maji taka, maji ya mfereji huja yakitaka, na chini yetu ni mwamba wa matumbawe uliojaa matundu. Unachomwaga shimoni kwako chaweza kumfikia mwenzio kwenye ndoo. Kwa hiyo bwana afya alikuwa na haki, wala sikubishana naye. Kilichoniuma ni kwamba yeye aliiona ramani mwezi wa nne tangu tuipeleke, baada ya afisa wa mipango kuirudisha kwa sababu ya nafasi ya mpakani na injinia kuirudisha kwa sababu ya nguzo. Sasa ikabidi shimo lihamie mbele. Mbele palikuwa pa kuegesha magari, maegesho yakaingia chini ya nyumba, nguzo mbili zikaangukia katikati ya njia ya gari, injinia wetu akapiga hesabu upya, na karatasi zikaenda kupanga foleni kwa afisa wa mipango kama ndiyo kwanza zimezaliwa. Kisima kimoja kiliitembeza nyumba nzima.

Hiyo ilikuwa zamani za karatasi. Nimeendelea kuchora tangu hapo (mimi ni mchoraji tu, anayetia sahihi ni msanifu majengo aliyesajiliwa, na mahesabu ya nguzo ni ya injinia aliyesajiliwa, akikuambia mtu sahihi yake yatosha bila usajili, mkimbie), na ushauri wangu kwa kila anayetaka kujenga umebaki mmoja: usichoreshe nyumba kabla hujamaliza kiwanja.

Kumaliza kiwanja maana yake ni karatasi moja. Mipaka, na bikoni (alama za mpaka zilizofukiwa ardhini) zimeonekana kwa macho, sevea, yaani mpima ardhi, amezifukua. Ukiambiwa "mpaka ni pale kwenye mwembe", jua hapo pana kesi inayosubiri. Barabara, na upana wake wa leo. Kwenye ramani ya upimaji utasoma mita 9, ukifika unakuta kibanda cha viazi karai na kibaraza cha mtu, zimebaki mita 5, na gari la zimamoto halipiti juu ya ramani. Maji ya mvua yanaelekea wapi. Shimo liko wapi, na magari yataingilia wapi. Halafu jambo ambalo mimi sikulifanya: vilivyo nje ya ukuta. Kisima, shimo la jirani, nguzo ya stima, mtaro. Piga hodi. Mombasa mtu hakatai kukuonyesha kisima chake ukimwamkia vizuri.

Karatasi hiyo, ikiwa bado na alama za penseli, ipeleke kwa watu wanne: afisa wa mipango, bwana afya, injinia wa kaunti na zimamoto. Usiombe kibali. Uliza swali moja tu: "Hapa mtanirudisha kwa lipi?" Wengi watakujibu hapo hapo, wamesimama, kwa dakika tano. Wateja wangu huona ni kupoteza asubuhi mbili. Asubuhi mbili si kitu mbele ya miezi minne.

Kuna la kutangulia hata hilo. Sisi huku tuna jambo ambalo watu wa bara hulishangaa: nyumba ya mtu juu ya ardhi ya mtu mwingine. Babu alijenga nyumba ya udongo na makuti Majengo, akimlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Nyumba yake, ardhi si yake. Leo mjukuu amepata pesa Qatar anataka kuangusha udongo asimamishe zege, na hajui kwamba bila idhini ya mwenye hati hakuna ramani itakayopita. Wengine ardhi ni yao kweli, ila hati bado inasoma jina la marehemu. Hapo safari yako ya kwanza ni mirathi, kwa Kadhi ikiwa ni Waislamu, wala usimtafute mchoraji. Nenda ofisi ya ardhi uone hati inasoma jina la nani, kisha kaunti uone deni la reti, ile kodi ya ardhi ya kaunti. Nishachora nyumba nzuri sana ambazo mpaka leo zimekunjwa kabatini kwa sababu ya hayo mawili.

Mengine kwa haraka. Ukijenga Changamwe au Miritini, karibu na njia ya ndege, urefu wa jengo unahitaji ruhusa ya mamlaka ya usafiri wa anga. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, na hata kubadilisha roshani ya mbao kunapitia ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa. Miradi mingine humtaka NEMA, mamlaka ya mazingira, kwanza, uliza mapema. Na Kanuni mpya za Ujenzi za 2024 zimeanza kutumika Machi 1, 2025 badala ya zile za 1968, kwa hiyo yule fundi anayekuchorea kwa mazoea ya miaka thelathini mwulize amezisoma.

Sasa na kaunti nao niwaambie. Dawa mnayo, imo katika Sheria ya Mipango ya Ardhi ya 2019. Inasema ombi likipokewa, ndani ya siku 7 nakala ziende kwa idara zote zinazohusika, nazo zitoe maoni ndani ya siku 14. Zote kwa pamoja. Haisemi huyu amalize ndipo yule aanze. Maombi siku hizi hupakiwa mtandaoni, lakini foleni ikihama kutoka kwenye benchi ikaingia kwenye kompyuta bado ni foleni. Ningekuwa na sauti, ningeomba meza moja kila wiki: watu wanne, karatasi ya kiwanja katikati, maoni yatoke siku hiyo hiyo kwenye ukurasa mmoja. Na atakayenyamaza duru ya kwanza asije duru ya tatu na jipya lililokuwa likionekana tangu mwanzo, ila kama mchoro umebadilika. Anayejenga ukuta au chumba kimoja cha nyongeza awe na dirisha lake, asisimame nyuma ya ghorofa kumi za Nyali.

Sheria hiyo hiyo inasema zikipita siku 60 bila jibu la maandishi, ruhusa inahesabiwa imetolewa. Watu huninong'oneza kifungu hicho kama wamegundua hirizi. Mimi siwashauri wakitegemee. Benki haikopeshi kwa kimya cha mtu, Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi itataka kuona idhini kabla ya kusajili mradi, na askari wa kaunti akikukuta na msingi umechimbwa utamwonyesha nini, kalenda? Kujenga bila ruhusa ni faini isiyozidi shilingi 500,000 au kifungo kisichozidi miezi 2, au vyote viwili. Kitumie kifungu hicho kuandika barua ya kukumbusha, siku ya 40 hivi, kwa adabu, ukiweka nakala. Barua hiyo huamsha faili kuliko yule kijana wa mlangoni anayejua "kusukuma". Muhuri wake unaweza kuwa mzuri kuliko wa ofisi, na siku ikipigwa X nyekundu ukutani, alama ya kubomolewa, simu yake haipatikani. Na ukikataliwa kwa maandishi una siku 14 za kukata rufaa, usizimalize kwa kulalamika barazani.

Nyumba ya mzee ilisimama, shimo liko mbele karibu na geti. Mfereji ukikauka, wapangaji wake hupita na ndoo kwenye kichochoro, wakampigia hodi bi mkubwa.